Maua ya Uani Yalitoka Wapi?

Huko Ulaya watu hungoja miezi ya joto ndipo bustani zao zipambwe na rangi. Yahuma, magharibi ya Kisangani, iko karibu na Ikweta. Huko maua huchanua mbele ya nyumba mwaka mzima. Lakini maua hayo yalitoka wapi?

Mengi ni wageni. Zinia asili yake ni Meksiko. Flamboyanti ni mti wa Madagaska. Bugenvilia ni ya Brazil: mwaka 1767 merikebu za nahodha Mfaransa, Bougainville, zilitia nanga Rio de Janeiro. Commerson, mtaalamu wa mimea aliyesafiri naye, akaliona ua hilo, nalo likapewa jina la nahodha.

Je, sisi hatukutoa kitu? Tulitoa. Kifabakazi, mti wa maua mekundu kama moto, ambao watoto huminya vitumba vyake wakarushiana maji, ni mzaliwa wa Afrika. Ulipelekwa Hawaii kwa ajili ya uzuri wake. Kumbe huko ulizaana mno, ukasonga mimea ya wenyeji, na leo huhesabiwa kuwa gugu.

Basi, uzuri peke yake hautoshi; yafaa kuujua mmea na asili yake. Kazi hiyo ilifanyika Yangambi, kando ya mto Kongo. Shirika la INEAC, lililoundwa mwaka 1933, lilikusanya huko mimea ya msitu, likaikausha na kuiandikia majina. Tuyafurahie maua ya wageni, lakini tusifyeke ya msituni kabla hatujayajua.