Shujaa na Sikio la Kikongwe: Kutoka Masala Kulangwa hadi Storm

Vitabu vya katuni vya mashujaa, yaani hadithi zisimuliwazo kwa mfululizo wa michoro na maneno yaliyofungiwa katika mapovu, ambazo wahusika wake wakuu wana nguvu zipitazo za binadamu wa kawaida, huhesabiwa kuwa vilizaliwa Marekani mwezi Juni mwaka 1938, pale Superman, aliyebuniwa na mwandishi Jerry Siegel na mchoraji Joe Shuster, alipotokea katika toleo la kwanza la jarida la Action Comics. Hesabu hiyo ni sahihi kwa upande wa karatasi na wino. Kwa upande wa simulizi, hata hivyo, Wasukuma wa Ngulyati, kata iliyomo katika Wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu, ni warithi wa hadithi ya kishujaa yenye swali ambalo majarida hayo yalichukua miongo mingi kulikabili: shujaa anapowaumiza watu huku akiwaokoa, nani awajibike?

Hadithi hiyo ni ya Masala Kulangwa na Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote pamoja na mifugo yao, isipokuwa mama mjamzito aliyejificha penye makapi. Mtoto aliyezaliwa na mama huyo alikua akiwinda, na kila alipokamata kiumbe, kuanzia panzi, alimuuliza mama yake kama ndiye Shing'weng'we, hadi siku alipokutana na zimwi lenyewe, akaliua na kulipasua ili waliomezwa watoke. Kisa hakiishii kwenye ushindi huo, kwa kuwa kisu chake kilikata sikio la kikongwe aliyekuwa ndani, naye akakasirika, asione kwamba kuokolewa kwake kumefuta jeraha. Ikambidi kijana atafute dawa na kumponya.

Mantiki hiyo ilikuwamo pia katika utawala wa jadi wa Usukuma, ambako mtemi, yaani kiongozi wa eneo, alihusishwa na mvua, na ukame wa muda mrefu uliweza kumpotezea heshima na hata kiti chake. Mamlaka ya machifu yalifutwa Tanganyika mwaka 1963, na miaka 12 baadaye kampuni ya Marvel ilitoa toleo maalumu la X-Men, kundi la watu waliozaliwa na vipawa visivyo vya kawaida, ambamo Len Wein na Dave Cockrum walimtambulisha Storm, mwanamke atawalaye hali ya hewa, akiabudiwa kama mungu nchini Kenya na kuombwa mvua na wanavijiji. Masimulizi ya baadaye yaliuhusisha ujana wake na Serengeti, mbuga ambayo hifadhi yake inapakana na Mkoa wa Simiyu, na yakaongeza mama mzee aitwaye Ainet, aliyemfundisha kwamba mvua anayoivuta kwa kijiji kimoja inaweza kuacha ukame kwa wengine. Hapo ndipo Storm wa vitabuni alipoanza kubeba mzigo wa mtemi.

Katuni za Kiswahili zilifuata njia nyingine. Chakubanga, mhusika wa Christian Gregory aliyeanza kuonekana katika gazeti la Uhuru mwaka 1967, hakuwa na uwezo wa kuruka wala wa kuzuia risasi. Kazi yake ilikuwa kuonyesha kwa kicheko vituko na udhaifu wa jamii. Miaka ya 1980 jarida la Sani, la Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, liliwapa wasomaji akina Lodi Lofa na Ndumilakuwili, wajanja wa mjini ambao hila zao mara nyingi huwarudia wenyewe. Hata Shujaaz, jarida lililoanza Kenya mwaka 2010 na baadaye kuingia Tanzania, lilimweka mbele Boyie, kijana wa kawaida mwenye kituo cha redio cha siri chumbani kwake. Katika mkondo huu mhusika hupatilizwa kwa matendo yake, kwa sababu hana nguvu za kumkingia aibu.

Marekani nayo ilisogea huko taratibu. Mwaka 2006 hadithi ya Civil War, iliyoandikwa na Mark Millar na kuchorwa na Steve McNiven, ilianza na mlipuko uliosababishwa na pambano la mashujaa vijana mjini Stamford, ukaua mamia ya watu, wakiwamo watoto, na kuleta sheria ya kuwasajili wote wenye nguvu. Oktoba 2024 ulianza mfululizo mpya wa Storm, ulioandikwa na Mnigeria Murewa Ayodele na kuchorwa na Lucas Werneck, ambamo maafa ya Oklahoma City yanamlazimisha kufanya uamuzi utakaoathiri namna taifa zima litakavyowatazama wenziwe wenye vipawa.

Kwa mpenzi wa vitabu hivi, thamani ya matoleo ya karibuni haipimwi kwa ukubwa wa radi anazoziita Storm, bali kwa nafasi wanayopewa walioumizwa kusema na kudai haki yao. Kwa kipimo hicho, mchoraji wa Kitanzania atakayemtia Masala Kulangwa kitabuni atakosea akifunga kitabu pale zimwi linapoanguka, kwa kuwa ubishi wa kikongwe na kijana ndio unaoitofautisha hadithi ya Usukuma na maelfu ya hadithi za kuua mazimwi.