Komba wa Gramu 60

Ukimtajia mtu wa Pwani neno komba, kwanza atakumbuka ulevi. Tunasema fulani kalewa kama komba, maana yule komba mkubwa hupanda mnazi usiku kufuata tembo kwenye vibuyu vya wagema. Au atakumbuka kile kilio chake, kama mtoto mchanga aliyeachwa porini. Lakini misitu ya Kisarawe na Kibaha ina komba mwingine kabisa. Huyu ana uzito wa gramu 60 hivi, sawa na yai moja la kuku wa kisasa, na manyoya ya mkia wake yamesimama pande zote kama brashi ya kuoshea chupa. Wanasayansi wanamwita komba wa Rondo, na ndiye mdogo kuliko komba wote wanaojulikana duniani. Nimesoma habari zake wiki kadhaa sasa. Nilidhani nasoma biolojia, kumbe nasoma historia ya Uzaramo, na kwa kiasi fulani historia ya jiko langu mwenyewe.

Tuanzie kusini. Mwaka 1953 mtafiti aitwaye Lumsden alipata komba mdogo sana pale Nambunga, karibu na Kitangari, wilaya ya Newala. Ni Lumsden yule yule aliyeandika juu ya mlipuko wa homa ya 1952 na 1953 huko kwa Wamakonde, homa ambayo dunia nzima leo inaiita kwa neno la Kimakonde, chikungunya. Miaka miwili baadaye, 1955, Ionides naye akapata komba wa aina hiyo kwenye uwanda wa Rondo, Lindi. Ionides alikuwa bwana nyama, lakini watu walimjua zaidi kwa kukamata nyoka wakali kwa mikono yake. Basi komba hao wakaingizwa kwenye kumbukumbu za kitaalamu chini ya jina la komba wa Demidoff, ambaye ni mnyama wa misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi. Wakakaa na jina la mtu mwingine kwa miaka 40 na ushee.

Hapo ndipo hadithi inaponinogea, kwa sababu kosa hilo halikusahihishwa kwa macho. Lilisahihishwa kwa sikio. Ukimulika tochi msituni usiku, komba wadogo karibu wote ni kitu kimoja: macho mawili yanayong'aa, kisha hakuna. Hata akiwa mkononi, tofauti ya huyu na yule inaweza kukupita. Wenyewe kwa wenyewe, gizani, wanatambuana kwa sauti. Simon Bearder na wenzake wa Oxford Brookes, Uingereza, walilichukua jambo hilo kwa uzito: wakaanza kurekodi milio, wakailinganisha, wakagundua kwamba pale vitabu vilipoandika mnyama mmoja kulikuwa na kadhaa. Paul Honess ndiye aliyempa komba wa Rondo jina lake la kisayansi, na maelezo yake yalitoka mwaka 1997 ndani ya kitabu cha Jonathan Kingdon cha kutambulisha mamalia wa Afrika. Kingdon, kwa taarifa yako, ni mzaliwa wa Tabora, 1935. Mlio wenyewe una sehemu mbili zinazofuatana na kujirudia, na hakuna komba mwingine anayetoa mlio huo. Mwaka 2017 wataalamu wakambadilishia tena jina la ukoo, wakamweka pamoja na komba wadogo wa mashariki ya Afrika. Jina la tatu hilo, na yeye hajahama popote.

Sasa Kisarawe inaingiaje? Andrew Perkin na wenzake waliozunguka usiku katika misitu ya pwani waliukuta mlio huo Pugu, Kazimzumbwi, Ruvu Kusini ambao unagusa Kibaha na Kisarawe, Pande nje kidogo ya Dar, na Zaraninge ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Yaani kundi moja liko Lindi na Mtwara, na jingine liko kama kilomita 400 kaskazini, ng'ambo ya Rufiji. Mnyama wa gramu 60, anayeruka kutoka shina hadi shina kwenye vichaka vya chini akitafuta wadudu na matunda, hatembei kilomita 400 kupita mashambani. Mimi nasoma hivi: msitu ndio uliotembea, kwa maana ya kurudi nyuma, ukaacha vipande, na komba akabaki humo kama alama ya mpaka wa zamani.

Maadui zake wa siku zote anawajua. Watafiti wameandika kwamba akiona kanu, fungo au nyoka hupiga kelele za tahadhari mfululizo, na kuna kila sababu ya kuamini kwamba bundi nao humla. Mchana hulala kwenye kiota, mara nyingi juu kabisa ya miti. Kwa kanu na bundi ana mbinu. Kwa shoka la mkaa hana.

Na shoka lina historia ndefu kuliko tunavyopenda kukiri. Katika karne ya 19 misitu na ardhi ya Uzaramo ilitoa sandarusi, ile gundi ya mti iliyozikwa ardhini miaka mingi. Watu waliichimba, wakaipeleka pwani, ikavuka hadi Unguja, na wafanyabiashara wa Salem, Marekani, wakainunua kutengenezea vanishi. Soko la dunia liliiita sandarusi ya Zanzibar. Umeona? Mali ya bara imepewa jina la kisiwa, kama vile komba wa Lindi alivyopewa jina la komba wa Kongo. Kisha akaja Mjerumani na sheria zake za misitu, akaja Mwingereza na mipaka ya hifadhi, na hoja kubwa haikuwa komba. Walitaka mbao, nguzo na kuni. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameyaeleza haya kwa kirefu katika kitabu chake cha 2009, na ukikisoma utaona jinsi mkulima wa Kizaramo alivyogeuzwa kuwa mvamizi mahali ambapo wazee wake waliishi kabla ya mpaka.

Mwaka 1955, Ionides alipokuwa Rondo, Julius Nyerere aliacha kazi ya ualimu pale Pugu ili ashike siasa moja kwa moja. Napenda kufikiri kwamba miaka yote aliyofundisha pale, komba huyu alikuwa akiita kwenye vilima vya jirani, hana jina.

Uhuru ukaja, Dar ikakua, na jiko la mkaa likakua nayo. Antje Ahrends na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2010 unaoonyesha kwamba uharibifu wa misitu unatoka Dar kama mawimbi. Wimbi la kwanza hufuata mbao za thamani, la pili mbao za kawaida, la mwisho mkaa, ambao huchukua kilichobaki karibu na mji. Katika miaka 14, mawimbi hayo yalisogea kilomita 120, kama kilomita 9 kwa mwaka. Kabla ya hapo, 2005, Ahrends alikuwa ameonya kwamba kwa mwendo ule misitu ya Pugu na Ruvu ingetoweka ndani ya miaka 10 hadi 15. Mwaka 2000 komba wa Rondo aliorodheshwa kama aliye hatarini. Kufikia 2008 alikuwa hatarini kabisa. Eneo lote la msitu alilojulikana kuishi lilikadiriwa kuwa kilomita za mraba 101.6. Unguja pekee ni kubwa zaidi ya mara 15. Pugu na Kazimzumbwi zilihesabiwa 33.5, Pande 2.4. Ruvu, ambayo kwenye ramani ni bonge la hifadhi, ilipewa 5 tu.

Namba hizo zinauma, ila kuna kingine kinachouma. Miaka ya 1990 watu waliokuwa wakiishi na kulima ndani ya Kazimzumbwi walifukuzwa, na Sunseri amelichambua sakata hilo bila kumung'unya maneno. Mimi siwezi kumpenda komba kwa namna inayonifanya nisione watu wale. Siwezi pia kujifanya kwamba mkaa niliopikia maharage mwaka jana, niliounua kwa kopo pale mtaani, ulishuka kutoka mbinguni. Mchoma mkaa wa Kisarawe anatajwa kwenye kila ripoti. Mimi mnunuzi natajwa kama "mahitaji ya jiji."

Miaka ile 15 ya Ahrends imekwisha. Pugu na Kazimzumbwi bado zipo, zimeumia, na sasa zimepandishwa hadhi na kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia chini ya TFS. Watu wa Dar wanapanda huko wikiendi kupiga picha na kuangalia popo kwenye mapango yaliyoachwa na wachimbaji wa kaolini. Wengi huondoka kabla jua halijazama, wakati komba ndiyo kwanza anatoka kiotani.

Kinachonisumbua hadi sasa ni jina. Nimetaja majina matatu ya kisayansi, na la nne ni la uwanda wa Lindi. Kiswahili kinasema komba tu, mkubwa kwa mdogo. Lakini watu waliolala kwenye dungu wakilinda mahindi dhidi ya nguruwe, usiku baada ya usiku, lazima waliusikia mlio ule wa sehemu mbili na kujua kwamba huyu si yule mlevi. Kama bibi yako wa Maneromango au babu yako wa Mlandizi ana jina lake, ningependa sana kulisikia.