Kiolesura pasiwaya na ulinzi wake

Mwenye gesti wa Nyangoto, kwenye barabara ya Tarime kwenda Mugumu, anapomwita fundi aje "amsetie waifai", kazi anayoitaka ina jina lake la Kiswahili: kusanidi kiolesura pasiwaya. Na afadhali aseme waifai, maana wifi ni dada wa mume, na huyo haombwi paswedi.

Kiolesura wengi tumelizoea kwenye skrini, yaani vile vitufe na menyu anavyovikuta mtumiaji. Hapo neno linakaa vizuri, kwa kuwa ndani yake inasikika sura. Kwenye ruta hakuna sura ya kutazama. Kiolesura cha mtandao ni pale data inapoingilia na kutokea, na ruta moja huwa navyo kadhaa: kimoja kinaelekea kwa kampuni ya simu, kingine ni cha waya, na vingine ni vya redio, mara nyingi cha gigahezi 2.4 na cha gigahezi 5. Mlango lingekuwa neno jepesi zaidi, ila msomaji angedhani tunasema tundu la kuchomeka waya. Kwa hiyo kiolesura libaki. Pasiwaya nalo nalipenda: ni fupi kuliko "kisichotumia waya", na halibadiliki kwa ngeli yoyote.

Kusanidi kusichanganywe na kusakinisha. Kusakinisha ni kuweka programu ambayo haikuwemo. Kusanidi ni kukipangia kifaa namna ya kufanya kazi. Fundi hufungua kivinjari, huandika anwani ya ruta, aghalabu 192.168.1.1, kisha hupanga jina la mtandao, chaneli na aina ya usalama. Pale maduka yalipobanana, chaneli si jambo la kupuuza. Katika gigahezi 2.4, chaneli zinazotumika bila kuingiliana ni 1, 6 na 11. Gigahezi 5 ina kasi zaidi, lakini kuta za matofali huidhoofisha upesi.

Kwenye usalama ndipo wengi hulegea. WEP, aina ya usalama ya mwaka 1997, ilishavunjwa na watafiti kufikia 2001. Ukiikuta bado kwenye orodha, ipite. Chagua WPA2 ya mwaka 2004 au, kama simu za wateja zinaikubali, WPA3 ya 2018. Nenosiri la WPA2 huanzia herufi 8 hadi 63, na watu wetu hupenda kuweka namba ya simu. Hebu tupige hesabu. Namba ina tarakimu 10, na mbili za mwanzo ni 06 au 07. Zinabaki 8, yaani namba milioni 200 kwa jumla. Mtu aliyenasa mawasiliano ya simu moja inapojiunga na mtandao huenda nayo nyumbani, na kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro hujaribu manenosiri laki kadhaa kwa sekunde. Saa moja haiishi. Maneno manne au matano yasiyohusiana, yaliyookotwa ovyo, ni afadhali mno.

Nyangoto ina sababu yake ya kwenda mbele zaidi. Mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002, huleta wageni wanaolala leo na kuondoka kesho, kila mmoja na nenosiri lako kwenye simu yake. Ruta nyingi huruhusu kiolesura cha pili cha kubuni, kinachorushwa na antena ileile lakini chenye jina na nenosiri tofauti. Wageni waweke huko, uwazuie kuifikia kompyuta ya mapokezi, na nenosiri lao ulibadilishe mara kwa mara bila kugusa la ofisi.

Fundi asiondoke kabla hujamwona akibadilisha na nenosiri la kuingilia ruta yenyewe. Lile la kiwandani limebandikwa chini ya kifaa, na yeyote anayefagia chumba anaweza kulisoma.