Kura na Kula: Ngonjera ya Mahafali na Wana wa Kaisho

Anayesoma historia ya ushairi wa Kiswahili huonyeshwa vituo vyake: Pate, Lamu, Mombasa, Pemba, Tanga, Dar es Salaam. Kaisho haimo, wala hakuna anayetarajia kuikuta humo. Ni nchi ya milima na migomba, kaskazini-magharibi kabisa mwa Tanzania, ambako mto Kagera unatutenga na Uganda upande mmoja na Rwanda upande mwingine, na ambako mtoto huanza kusema kwa Kinyambo. Hata hivyo ushairi ulifika, na haukufika kwa vitabu tu. Ulifika vinywani mwa wanafunzi waliorudi likizo wakiwa wamekariri ngonjera, na jukwaa lake kubwa kuliko yote lilikuwa siku ya mahafali. Nitaieleza historia hiyo kupitia mahafali ya mwaka mmoja, ya kidato cha nne mwaka 1980, kwa kuwa ndiyo ninayoyajua kwa ndani, na kwa kuwa baadhi ya waliosimama jukwaani siku ile hawapo tena kuyasimulia.

Kwanza ngonjera yenyewe. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, na waraka wa Elimu ya Kujitegemea uliofuata Machi mwaka huohuo, Mwalimu Nyerere aliwataka washairi wayafikishe mawazo hayo kwa wananchi. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Dodoma, hakimu kwa kazi na nguzo ya chama cha UKUTA, aliitikia kwa bidii kubwa. Alifariki mwaka 1969. Vitabu vyake viwili vya Ngonjera za Ukuta vilichapishwa baada ya kifo chake, mwaka 1970 na 1971, vikaingia mashuleni na kuwa kielelezo cha kila mwalimu wa Kiswahili aliyeambiwa na mkuu wake, "Tayarisha kitu kwa ajili ya wageni."

Muundo wake wasomaji wa hapa wanaujua. Wahusika wawili au zaidi hujibizana kwa beti zenye vina na mizani. Mmoja hajui, au anapinga, mwingine anajua. Mwishoni asiyejua anakubali, na wote wanaimba pamoja. Wahakiki wengi wameidharau ngonjera kwa sababu ya mwisho huo unaojulikana tangu ubeti wa kwanza, nami sitawabishia kuhusu mwisho. Nawabishia kuhusu katikati. Ili asiyejua ashindwe, ni lazima kwanza apewe nafasi ya kusema, na ili ushindi uwe na ladha, ni lazima aseme kwa nguvu. Ndiyo maana katika ngonjera za shule beti tamu mara nyingi zilikuwa zake. Mjuzi alinukuu maazimio. Asiyejua alieleza maisha. Mwanafunzi aliyetaka kulalamika mbele ya mgeni rasmi alikuwa na njia mbili: risala, iliyopita mikononi mwa walimu watatu na kutoka imenyooka kama shuka la hospitali, au nafasi ya asiyejua katika ngonjera.

Sasa mwaka wenyewe. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia. Sisi tuliosoma Bukoba tulikuwa tukisafiri kwa malori kutoka Kaisho kupitia Nkwenda na Omurushaka hadi Kyaka, ambako majeshi ya Idi Amin yalilivunja daraja la mto Kagera mwezi Novemba 1978. Mkoa wenyewe ulikuwa umebadilishwa jina, kutoka Ziwa Magharibi kuwa Kagera. Mwalimu Nyerere alikuwa ametutaka tufunge mikanda kwa miezi 18, na hesabu ya miezi hiyo ilikuwa inakaribia mwisho bila dalili ya mkanda kulegea. Sukari ilikuwa ya kupanga foleni. Sabuni ilikatwa vipande vidogo kama dawa. Waliokaa karibu na Murongo, ambako ng'ambo ya mto ni Uganda, walijua bei ya kila kitu kwa fedha mbili.

Mwezi Oktoba mwaka huo ulikuwa pia wa uchaguzi mkuu, wa kwanza tangu TANU na ASP ziungane kuwa CCM mwaka 1977. Mgombea urais alikuwa mmoja, wa kupigiwa kura ya ndiyo au hapana. Wagombea ubunge walikuwa wawili kila jimbo, wote wa chama kimoja, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine ya nyumba. Mahafali yetu yaliangukia majuma machache kabla ya siku ya kupiga kura. Haikuhitaji mjadala kuamua ngonjera itahusu nini.

Katika darasa letu tulikuwa watano tuliotoka Kaisho na vijiji vya jirani. Majina yao nawaachia jamaa zao. Kazi zao za siku ile naweza kuzitaja. Wa kwanza aliongoza gwaride la skauti, akiwa na fimbo aliyoichonga mwenyewe kwa sababu ile ya shule ilikuwa imepotea. Wa pili alisimamia meza ya maonyesho ya mazao ya shamba la shule: ndizi, maharage, kahawa iliyokobolewa kwa mkono, na sungura wawili ambao mgeni rasmi aliwatazama kwa muda mrefu kuliko alivyotutazama sisi. Wa tatu alipiga enanga, kinanda chetu cha ubao chenye nyuzi, ndani ya kikundi cha ngoma ambacho kwa ratiba kiliitwa cha Kihaya ingawa nusu yake walikuwa Wanyambo. Wa nne alikuwa Asiyejua. Mimi nilikaa nyuma ya pazia na karatasi za ngonjera, kazi yangu kumkumbusha neno atakayesahau.

Asiyejua huyu ndiye aliyetunga beti zake mwenyewe. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti iliyomzidi umri, na alighani kwa namna ambayo walimu wa kutoka pwani hawakuizoea. Wao walifundisha kwamba shairi huimbwa, neno likivutwa mpaka mizani itimie. Yeye alilifyatua. Mshororo mzima ulitoka kwa pumzi moja, kisha kimya kifupi, kisha mwingine. Aliyekulia kwetu aliijua namna hiyo mara moja. Ni ya majigambo, yale ambayo ndugu zetu wa Ankole, ng'ambo ya mto, huyaita ebyevugo, na ambayo H. F. Morris aliyaandikia kitabu mwaka 1964: sifa za mtu, za vita na za ng'ombe, zinazosemwa kwa kasi kiasi kwamba msikilizaji analazimika kuzikimbilia. Majigambo hayana vina. Kijana huyu aliweka vina vya Mnyampala ndani ya pumzi ya majigambo, na sidhani kama alijiona anafanya jambo la ajabu. Wakati huo Dar es Salaam wasomi walikuwa wakivutana juu ya vina na mizani, tangu Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974. Kunga za Ushairi ya Kahigi na Mulokozi ilikuwa na mwaka mmoja tu. Habari hizo hazikuwa zimetufikia.

Katika ubeti wake wa tatu Asiyejua aliuliza kura itamfaa nini. Hoja yake ilikuwa ya mtu wa shamba: jembe analo, nyumba anayo, hicho anachoombwa akichague tayari kiko kwake, na anachokikosa hakimo katika karatasi ya kura. Kina cha mwisho cha ubeti huo kilikuwa ra. Mshororo mmoja uliishia na neno kura. Mshororo uliofuata uliishia na neno kula.

Kwa sheria kama zilivyowekwa na Sheikh Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954, hilo si kina. Ra na la ni silabi mbili tofauti, na mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa sahihi alipopiga mstari mwekundu. Lakini katika Kinyambo r na l hazitofautishi maneno, na mzee wa Kaisho anayesikiliza Kiswahili husikia sauti moja. Kwake yeye ubeti ule ulikuwa na kina kamili, tena kina kilichofanya jambo ambalo vina vya kawaida havifanyi: kiliyafanya maneno mawili yawe neno moja. Kupiga kura na kupata cha kula vilikuwa vimekutana mdomoni mwa mtu, mwaka ambao mkutano huo ulikuwa mgumu kila mahali pengine.

Mwalimu alitoa sababu ya vina, na sababu ya vina ilitosha. Mshororo wa pili uliandikwa upya ukaishia na neno bora. Toleo hilo ndilo lililopigwa chapa kwa stensili pamoja na ratiba, likagawiwa kwa wageni wa mstari wa mbele, kwa kuwa karatasi hazikutosha wote. Ndilo pia nililopewa mimi nyuma ya pazia.

Siku yenyewe, baada ya risala na kabla ya hotuba, ngonjera ilianza vizuri. Asiyejua alipofika ubeti wa tatu akasema mshororo wake wa zamani. Wageni wa mbele, karatasi mkononi, hawakutikisika. Pengine walidhani ni ulimi tu wa kijana wa Karagwe. Huko nyuma, walikosimama wazazi waliokuja kwa lori, kicheko kilianza upande mmoja kikaenda mpaka upande wa pili, na Mjuzi akalazimika kungoja kabla ya kujibu. Alijibu kama alivyoandikiwa. Asiyejua akakubali kama alivyoandikiwa. Tukaimba wote, vyeti vikatolewa, tukala ndizi na nyama.

Baada ya hapo kisa kilisimuliwa shuleni kama mfano wa athari za lugha ya kwanza. Miaka kadhaa baadaye, nikiwa nimekwisha kuanza kufundisha, nilikisikia kikitumiwa katika semina ya walimu, jina la mwenyewe likiwa limeshasahaulika: kijana fulani wa Karagwe, mbele ya mgeni rasmi, akichanganya r na l. Walimu walicheka sana.

Kisha ikaja miaka ambayo mtu wa Kagera hahitaji kuelezwa. Wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983, wakati ugonjwa ukiitwa Juliana, kwa jina la nguo za biashara zilizokuwa zikitoka Uganda. Mpiga enanga alikwenda kabla miaka ya themanini haijaisha. Asiyejua alimfuata mapema katika miaka ya tisini, akiwa mwalimu wa shule ya msingi, na wanafunzi wake, ninavyoambiwa na waliokuwapo, walikuwa wakifyatua mashairi kama yeye. Wa meza ya mazao yuko hai na bado anafuga sungura. Wa skauti alihamia Mwanza.

Leo Kaisho iko wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na tangu mpango wa sekondari wa mwaka 2004 mtoto hahitaji lori ili afike kidato cha nne. Ni neema kubwa, na asiyekumbuka malori asiidharau. Mahafali yana mshereheshaji wa kukodi, spika kubwa na keki. Ngonjera ingalipo kwenye ratiba, kati ya muziki na muziki, beti tano au sita zilizopatikana kwenye simu, ambazo zingeweza kusomwa Songea au Tarime bila kubadilishwa hata herufi. Kinyambo nacho sasa kina kamusi na sarufi, kwa kazi ya Josephat Rugemalira wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kinachokosekana ni kumbukumbu ya namna Kinyambo na Kiswahili vilivyokutana jukwaani, kwa kuwa kilichohifadhiwa popote palipohifadhiwa kitu ni toleo la stensili, lile la neno bora.

Kasoro daftari moja. Liko Kaisho, kwa dada yake Asiyejua, ndani ya sanduku la bati pamoja na cheti cha ubatizo. Ni daftari la shule lililokatwa katikati ili litumike kama mawili, kama tulivyofanya wote mwaka ule. Kurasa za mwisho zimechanwa, na beti za Mjuzi hazimo kabisa. Ni zake tu alizoziandika. Ubeti wa tatu upo. Ameandika kura kwa r na kula kwa l, kwa mwandiko ulionyooka, na chini ya herufi hizo mbili, r na l, amepiga vistari viwili vidogo vya penseli.