Kiasi cha Baruti katika Bunduki ya Kushindilia

Katika vijiji vyetu wawindaji wengi wangali wakitumia bunduki ya kushindilia, ile ijazwayo kwa mdomo. Mara nyingi hudhani kwamba baruti nyingi ndiyo nguvu, na nguvu ndiyo shabaha. Historia yafundisha vingine.

Tutazame kwanza Liège, mji wa wafua-bunduki katika Ubelgiji ya leo. Mwaka 1672 askofu aliyekuwa pia mtawala wake, Maximilian Heinrich wa Bavaria, aliamuru kasiba zijaribiwe. Kasiba ilitiwa baruti kupita desturi, ikafyatuliwa. Iliyostahimili ilipigwa alama. Amri hiyo ililinda macho na mikono ya watu. Lakini kasiba isiyopasuka si lazima ipige sawa.

Mwaka 1747 Mwingereza Benjamin Robins aliwaeleza wataalamu wa Royal Society, London, sababu yake. Risasi ipitayo katika kasiba laini hugusa ukuta wa ndani, hutoka ikizunguka ovyo, na hewa huipotosha. Kasiba ikiwa na mifuo ya kuzunguka, risasi huzunguka sawasawa katika njia yake. Mafundi Wajerumani walijua kazi hiyo zamani, na wahamiaji wao waliipeleka Pennsylvania katika karne ya 18. Wawindaji wa huko waliifunga risasi katika kitambaa chenye mafuta, ili kitambaa kishike mifuo.

Hapo ndipo kiasi kinapotawala. Baruti ikipungua, risasi haifiki na nguvu ya kuua. Ikizidi, moto hula kitambaa, risasi huteleza juu ya mifuo, na bega huumia. Frederick Selous, aliyefika Afrika ya Kusini mwaka 1871, aliwinda tembo kwa bunduki laini yenye risasi ya gramu 113 hivi, akichota baruti kwa mkono. Tembo aliwaua wengi. Lakini baadaye alijuta, maana kishindo kile kilimharibia utulivu wa kulenga.

Basi kiasi chapatikanaje? Kwa subira. Mwenye bunduki ya mifuo, yenye tundu la milimeta 12.7, aweza kuanza na gramu 3 hivi za baruti nyeusi, akipima kwa kikombe kilekile. Aegemeze bunduki, apige risasi tatu katika shabaha moja, hatua 50, akipangusa kasiba kila mara. Kisha aongeze theluthi ya gramu, pasipo kugeuza kitambaa wala risasi. Matundu yatakaribiana, halafu yataanza kutawanyika tena: hapo arudi nyuma. Kati ya viasi vizuri achague kile chenye nguvu ya kumwangusha mnyama, wala asipite kamwe mpaka uliowekwa na mfuaji.

Na bunduki ya kijijini, iliyofuliwa kwa bomba la chuma? Hiyo haina mifuo, wala hakuna aliyeijaribu kama kule Liège. Mwenye nayo asitafute nguvu katika baruti. Afadhali amnyemelee mnyama mpaka karibu. Ninyi makatekista mnaokaa na wawindaji, waambieni hivyo. Mnyama aliyejeruhiwa ovyo hufa kwa mateso porini, asimlishe mtu. Na kasiba ikipasuka, anayelia ni mjane.