Kipofu na Kiziwi wa Nyumba Moja

Nyumbani kwetu Muyama tulikuwa na kipofu, na tulikuwa na kiziwi. Kipofu alikuwa baba yangu mdogo, ambaye surua ilimpofusha akiwa bado mtoto wa mgongoni. Kiziwi alikuwa mdogo wangu wa kike. Alizaliwa mwaka 1955, akaugua homa ya uti wa mgongo mwaka 1959, akapona, ila masikio hayakupona pamoja naye.

Watu hupenda kuuliza lipi ni afadhali, kukosa macho au kukosa masikio, na wengi hujibu upesi kwamba heri uziwi, kwa kuwa macho ndiyo taa ya mtu. Nilipokuwa kijana nami nilijibu hivyo hivyo. Leo nina umri wa miaka zaidi ya sabini, na upesi ule umeniishia.

Baba mdogo alikuwa mtu wa watu. Salamu yetu Waha, kama wajuavyo waliofika kwetu, haimalizwi haraka. Mnapiga makofi, mnaulizana habari za mji, za watoto, za ng'ombe, za mvua, na kabla ya kuachana mmekwisha kupeana habari zote za mlimani. Yeye aliketi chini ya migomba, na kila mpita njia alimwachia habari zake. Alimtambua mtu kwa hatua zake au kwa kikohozi. Wazee walipogombania mashamba walimwita, maana alikumbuka nani alisema nini na mwaka gani. Hakupata kuuona mpaka hata mmoja, lakini mipaka yote aliijua.

Isidhaniwe kwamba maisha yake yalikuwa mepesi. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na kovu kubwa la moto. Wala hakuweza kwenda mbali bila mtoto wa kushika ncha ya fimbo yake, na mtoto huyo siku hiyo hakwenda shule. Mimi nilikuwa mtoto huyo kwa mwaka mzima, ndiyo sababu nilianza darasa la kwanza nikiwa nimechelewa. Jambo hilo hakulisahau. Nilipomaliza chuo cha ualimu alikipapasa cheti changu, akaniuliza mwaka wake mmoja umeandikwa sehemu gani.

Mdogo wangu alikuwa na nguvu, alilima kuliko sisi sote, alichota maji, alikwenda sokoni peke yake bila kushikwa mkono. Mgeni hakuweza kujua kwamba ana upungufu wowote. Makofi ya salamu aliyapiga vizuri sana, kwa adabu kamili. Yakiisha makofi, sisi tukaingia katika mazungumzo, yeye alibaki ametutazama midomo, kisha akainuka kwenda kutafuta kazi.

Wenye umri wangu watakumbuka ngoma zilizotangulia taarifa ya habari ya Redio Tanzania Dar es Salaam. Mpigaji wake, Mzee Morris Nyunyusa, alikuwa kipofu. Zilipolia, baba mdogo alinyamazisha nyumba nzima na kutukumbusha kwa majivuno kwamba nchi yote inaamriwa kimya na mtu asiyeona. Mdogo wangu aliona tu kwamba ghafula kila uso umegeukia kisanduku, na kwamba nyuso zilibadilika, mara furaha, mara huzuni. Kwa nini, hakuna aliyemweleza.

Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Vikundi vilikusanyika nchi nzima kusikiliza vipindi vya redio, kujadiliana, kisha kutekeleza kwa mikono, ikiwa ni pamoja na kuchimba vyoo. Nikiwa mwalimu kijana niliongoza kikundi kimoja, na mwanafunzi wangu bora alikuwa baba mdogo. Kipindi alichokisikia mara moja aliweza kukirudia chote. Siku ya kuchimba choo chetu, aliyeshika jembe kwa muda mrefu kuliko wote alikuwa mdogo wangu. Alichimba siku mbili. Nilimwona analia huku anachimba, nikadhani ni uchovu. Miezi kadhaa baadaye, kwa ishara zetu za nyumbani, alinieleza kwamba alidhani tunachimba kaburi. Wakati ule mama alikuwa mgonjwa kitandani.

Mwalimu wa wengine alikuwa nyumbani, akiwa na kitabu cha kampeni mkononi, na hakufikiri kumwambia dada yake shimo lile ni la nini.

Historia ya shule zetu nayo ina jambo hilo hilo. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Viziwi walisubiri mpaka mwaka 1963, Kanisa Katoliki lilipoanzisha shule yao Tabora, na ile ya Buguruni, Dar es Salaam, ikafuata mwaka 1974. Sidhani kwamba kuchelewa huko kulitokana na chuki. Mtoto asiyeona hufika shuleni akiwa na lugha tayari. Ukimpa maandishi ya nukta nundu, yale aliyoyatunga Mfaransa Louis Braille kwa nukta sita tu, amepata mlango wa kila kitabu kilichoandikwa hivyo. Aliyezaliwa kiziwi katika nyumba ya wanaosikia huweza kufika akiwa hana lugha hata moja, si Kiha wala Kiswahili. Tena walimu wa viziwi waliokutana Milan, Italia, mwaka 1880 walikwisha kuamua kwamba kutamka kwa midomo ni bora kuliko ishara za mikono, na uamuzi huo uliongoza shule nyingi duniani kwa muda mrefu. Lugha pekee ambayo mtoto angeweza kuishika ndiyo aliyokatazwa.

Mimi sina haki ya kuwalaumu wa Milan. Mwaka 1977 ilipoanza Elimu ya Msingi kwa Wote nilikuwa mwalimu mkuu, na niliandikisha mvulana asiyeona na msichana kiziwi. Kwa ajili ya mvulana niliandika barua nyingi, mpaka akapata nafasi katika shule ya wasioona. Niliweza kuzungumza naye, nikaiona akili yake, basi nikaipigania. Msichana alikaa dawati la nyuma miaka miwili akinakili ubaoni kwa mwandiko mzuri kuliko wa wenzake wote, bila kujua neno moja linasema nini. Mwaka wa tatu nikaandika katika daftari kwamba hafundishiki, nikampigia mstari. Nilifanya hivyo ilhali nimelelewa nyumba moja na kiziwi! Mstari ule ulikuwa wa wino mwekundu, na ulikuwa mkono wangu.

Baadaye nilisoma habari za Helen Keller, yule mama wa Marekani aliyepoteza macho na masikio kabla ya kutimiza miaka miwili. Katika barua yake ya mwaka 1910 kwa daktari wa Uskoti aliandika kwamba, katika hayo mawili, uziwi ndio msiba mkubwa zaidi. Nilifurahi. Nilimwona shahidi wangu, nikawa nawajibu watu kwa jina lake, mpaka siku moja mwaka 2006 nilipokwenda na mdogo wangu soko la Kasulu kununua mbegu za maharage.

Penye mafungu ya dagaa walisimama vijana wawili, wanazungumza kwa mikono upesi kama watu wanaogombana, kumbe wanacheka. Hiyo ndiyo lugha ya alama ambayo leo mkalimani huonekana akiitumia pembeni mwa kioo cha runinga wakati wa habari. Mdogo wangu hakupata kufundishwa lugha hiyo. Alisimama, akaweka kikapu chini, akawatazama. Kisha akawaendea akitumia ishara zake za nyumbani, zile ambazo tulizijua watu watano au sita tu duniani. Vijana wakamkodolea macho, wakajaribu hivi na hivi, mmoja akamshika mikono na kuirekebisha. Baada ya muda mfupi wote watatu walikuwa wanacheka. Alinionyesha mimi kwa ishara yangu, ile ya chaki kusugua kiganja, akaongeza jambo ambalo sikulielewa, nao wakanigeukia na kucheka zaidi.

Nilingoja karibu saa nzima nikiwa nimeshika mbegu zangu, nikiwatazama mikono. Njiani kurudi nilimwuliza walizungumza nini. Akafanya ishara ya kwamba ni hadithi ndefu, akatangulia mbele.