Picha ya Simba wa Tsavo: Nani Aliachwa Nje?

Wasee, kabla hujagusa filta, hebu cheki picha moja ya huku kwetu. Ni Desemba 1898, daraja la reli linajengwa Mto Tsavo, ng'ambo ya Voi. Injinia Patterson yuko na bunduki, simba amelala mbele yake, amekufa. Picha kali, nakubali. Lakini wale vibarua Wahindi na Waafrika waliokuwa wakinyakuliwa hemani usiku, wako wapi?

Baadaye Patterson alidai waliouawa ni 135. Mwaka 2009 wanasayansi walipima nywele na mifupa ya simba hao, wakakadiria walioliwa ni kama 35. Ngozi aliziuza Chicago mwaka 1924 kwa dola 5,000, na zilikuwa zimeshakuwa mazulia, aki!

Nikianza kujifunza kamera nilidhani picha hudanganya kwa Photoshop tu.

Juzi hapa Marungu ndovu alivunja tangi la maji. Nikapiga picha, kisha nikamkata mwenye tangi kwa sababu eti anaharibu fremu. Ilipata likes balaa. Jana nimerudi kwake, nikamwonyesha picha nzima. Akaitazama, akaniuliza, "Sasa mbona mimi umeniondoa?"